Nani alizima gari siku ile ya tembo

Marahaba mwanangu. Voisi yako nimeisikiliza mara mbili, ya kwanza nilikuwa sokoni Majengo hapa Dodoma kelele tupu sikuambulia kitu, nikaja kuirudia nyumbani. Umeuliza siku ile ya tembo nilijuaje kama natakiwa nizime gari nitulie, maana mwezi wa nane mnawapeleka wajukuu zangu hifadhi ya Ruaha na baba yao anataka kujua cha kufanya. Alafu ukasema wewe tembo mwenyewe humkumbuki vizuri, unachokumbuka ni mimi na mama yako pale mbele tumeshikana mikono. Hapo nikaona bora nikuandikie maana nikisema nikupigie nitacheka nishindwe kuongea.

Ilikuwa Juni 1996, shule zimefungwa. Wewe ulikuwa darasa la pili, kaka yako la tano, huyu mdogo wenu ananyonya bado. Mama yenu mdogo alikuwa kapangiwa kufundisha Tungamalenga, huko mpakani kabisa na hifadhi, na mama yako alikuwa halali vizuri mpaka akamwone mdogo wake anaishije. Gari ni ile Peugeot 504 yenye gia za kwenye usukani, unaikumbuka, na wiki moja kabla nilikuwa nimetoka kuipeleka kwa fundi mmoja hapa mjini, jina namsitiri maana tunasali naye, akala hela ya klachi na klachi ikabaki vile vile.

Siku hizi mnateleza kwenye lami kutoka Dodoma mpaka Iringa mnafika hata hamjachafuka. Wakati ule ni vumbi mwanzo mwisho, tulitoka saa kumi na moja alfajiri na mpaka tunafika Mtera mmekuwa wekundu nywele mpaka kope. Tukasimama pale bwawani. Miaka ile Mtera ikipungua maji nchi inakaa na mgao wa umeme, kwa hiyo kila aliyepita pale alikuwa anachungulia maji kama anachungulia mgonjwa wodini. Mama yako akanunua perege wakavu, gari ikanuka samaki safari nzima. Tukalala Iringa kwa babu yenu, asubuhi mama yako akaongeza machungwa kikapu kizima ya kumpelekea mdogo wake. Hayo machungwa yaweke akilini.

Sasa tumeshapita Idodi, jua linaanza kushuka, kaka yako akaona mbuyu umechunwa magome kuanzia chini mpaka juu ya kichwa cha mtu akauliza nani kaumenya. Mama yako akasema tembo, tena sio zamani, ona utomvu bado mbichi. Mimi nikajifanya mjuaji nikasema ah, tembo wako hifadhini huko, hapa kuna watu. Sijamaliza sentensi, nakata kona, huyo hapo katikati ya barabara. Mama tembo, na nyuma yake porini upande wa kulia wengine wanakuja, na upande wa kushoto kuna katoto kameshavuka. Yaani tumeingia katikati.

Hapa ndo jibu lako. Mimi sikuzima gari mwanangu. Nilikanyaga breki kwa mguu mzima nikasahau klachi, gari ikaruka ikatetemeka ikazima yenyewe. Basi.

Na nilichofanya cha kwanza ni kupeleka mkono kwenye ufunguo niiwashe nikimbie. Unajua stata ya ile gari ilivyokuwa inapiga kelele, majirani wote Chang'ombe walikuwa wanajua naenda kazini. Mama yako akanidaka mkono. Hakusema kwa sauti, alisema "usiguse" kama mtu anayebembeleza mtoto, ila kucha zake zilikuwa zimeingia kwenye nyama. Yeye kakulia Pawaga, utotoni walikuwa wanakesha kwenye majaruba ya mpunga wanapiga madebe kuwafukuza hao hao, kwa hiyo alikuwa anajua kelele ya namna gani inamfukuza tembo na ya namna gani inamleta. Mimi Mgogo wa watu najua ng'ombe. Kwa hiyo kule kushikana mikono unakokukumbuka, alikuwa ananizuia nisituue. Mkono mwingine alikuwa amevuta kanga ya mgongoni amefunika kikapu cha machungwa, kisha akakibana kwa magoti.

Yule tembo akatanua masikio akaja mpaka kwenye boneti. Mkonga ukapita juu ya kioo taratibu, ukaacha alama ya unyevunyevu na vumbi kama mtu kapitisha kitambaa kichafu, na ile pumzi ikaweka ukungu upande wa mama yako. Nilimwona jicho. Dogo kwa ule mwili, na kope ndefu zimeshika matope. Alikuwa ananguruma chini chini kama lori liko mbali linapanda mlima, mpaka mlango wa gari ulikuwa unatetemeka. Wewe ulikuwa umelala chini ya siti, ndo maana humkumbuki, ulichokuwa unakiona ni mikono yetu tu katikati ya siti.

Wakavuka. Kaka yako anasema kumi na wanne, mimi nasema kumi na mmoja. Baada ya hapo hakuna aliyetaka kushuka kusukuma gari, ila Mungu mkubwa ikawaka mara ya nne.

Sasa tumefika Tungamalenga, watu wamejaa uani, kaka yako kashaanza kusimulia "baba akazima gari!" na mimi nikanyamaza. Nilinyamaza tu, uongo wenyewe sikuusema. Mpaka tunakula usiku nimeshakuwa shujaa, wazee wananipa mkono. Mama yako akanitazama mara moja akaendelea kumenya chungwa. Hajawahi kunisuta mpaka leo, hata tukigombana.

Kwa hiyo mwambie mwanaume asiniige. Wakiona tembo wasimame mbali kabisa wawaachie njia, honi wasahau, wasijiingize kati ya mama na mtoto, na matunda wasiyaache wazi ndani ya gari. Mengine askari wa hifadhi watawaelekeza. Mwezi wa nane ni kiangazi, mto Ruaha sehemu nyingine unakuta mchanga mtupu, ulianza kukauka miaka ile ile ya 1990 maji yakiishia kwenye mashamba huko juu Usangu. Waonyeshe watoto tembo wanavyochimba ule mchanga kwa miguu na mkonga mpaka maji yatoke, alafu wanyama wengine wanakuja kunywa hapo hapo. Mimi nilikuja kuona hiyo baadaye sana, nikiwa na gari yenye klachi.

Mama yako kaisoma hii yote hapa pembeni yangu. Kasema walikuwa tisa. Na kasema mkirudi mpitie Mtera mchukue perege, wale wakubwa, msije na vile vidagaa kama mlivyofanya Pasaka.