Mzigo Ukilia Langoni: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Kufuatilia Asili ya Mionzi

Barua za mara hii zimetoka zaidi kwa watu wa bandari na wa vyuma chakavu. Tumezifupisha.

Salamu mhariri. Mimi ni wakala wa forodha. Kontena la vigae la mteja wangu lilipiga kengele kwenye lango la kupima mionzi, likawekwa kando siku mbili, na karatasi zote zilikuwa sawa. Vigae na nyuklia vinahusiana nini? — S.M., Changamwe

Vinahusiana, S.M., ila kwa uchache. Uso wa kigae unaong'aa huwa na zirkoni, na zirkoni hutoka ardhini ikiwa na urani na thoriamu kidogo ndani yake. Mchanga wa zirkoni uliokuwa ukichimbwa Kwale na kupakiwa Likoni una tabia hiyohiyo. Lango halisomi karatasi, linahesabu tu. Ndani ya nguzo zake mna mabamba ya plastiki yanayomeremeta yakipigwa na miale ya gama, na mirija ya kunasa nyutroni. Lori likipita taratibu, kama kilomita 8 kwa saa, mashine huchora mstari wa hesabu tangu kichwa cha gari hadi mkia. Vigae, graniti au mbolea ya potashi huinua mstari wote. Chanzo kidogo cha mionzi kilichofichwa huchomoza ncha moja kali. Kengele ya nyutroni ndiyo inayowatoa maafisa vitini, kwa sababu vigae havina nyutroni za kuwapa, plutoni inazo.

Baada ya hapo afisa huja na kipimo cha mkono kinachosoma nguvu ya kila mwale. Potasiamu ya mbolea huonekana kwenye keV (kizio cha nguvu ya mwale) 1461, ukoo wa thoriamu kwenye 2615, sesiamu-137 kwenye 662, kobalti-60 kwenye 1173 na 1332, urani-235 kwenye 186. Hapa ndipo jua la Mombasa linapoharibu kazi. Vipimo vingi vya mkono hutumia fuwele ya iodidi ya sodiamu, na fuwele hiyo ikipata joto, mwanga wake hupungua na namba hizo zote za miale zinateleza kuelekea chini. Kifaa kilichoachwa kwenye dashibodi saa sita mchana kinaweza kuita kitu kwa jina la kingine. Dawa yake ni kukisawazisha upya kwa chanzo kidogo kinachojulikana, pale pale kivulini, kabla ya kukisogeza kwenye kontena.

Kwa upande wako, usiandike "vifaa vya ujenzi" kwenye maelezo ya mzigo. Andika vigae vya kauri, uzito na kiwanda, uambatishe karatasi ya mtengenezaji. Na kengele ikilia kwenye lori tupu, muulizeni dereva kwa heshima kama ametibiwa hospitali karibuni. Mgonjwa aliyepewa iodini-131, dawa yenye mionzi ya kutibu tezi la shingo, huliza kengele ya lango kwa wiki kadhaa.

Vijana wangu wa yadi huletewa kila aina ya chuma. Juzi kimekuja kitu kama chungu kidogo, kizito kuliko kimo chake, kina alama ya mapanga matatu iliyofifia. Nikikate kwa gesi nione ndani? — Mzee wa vyuma chakavu, Jomvu

La, Mzee wetu, usikikate, usikipige nyundo, wala usikipakie mkokoteni kukirudisha kilikotoka. Waondoe watu wote mita 30 kila upande. Kama kimo ndani ya nyumba, ondoa pia walio vyumba jirani, ghorofa ya juu na ya chini. Piga 999 au 112, useme wazi kwamba umeona alama ya mionzi, ili Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia Kenya ijulishwe. Aliyekishika anawe mikono kwa sabuni, asile wala asivute sigara kabla ya kunawa, na nguo zake zifungwe kwenye mfuko, zisifuliwe. Andika majina ya wote waliokaribia, na jina la aliyekileta. Ukiwa na simu ya kuvuta picha kutoka mbali, piga maandishi ya ubavuni; usisogee kwa ajili ya picha.

Hesabu ya umbali ni hii. Chanzo cha iridi-192 cha kukagulia mabomba, chenye nguvu ya TBq 3.7 (TBq na GBq ni vizio vya ukali wa chanzo) na kikiwa nje ya kasha lake, hutoa karibu milisievati 480 kwa saa ukiwa mita 1; milisievati hupima mionzi inayoupata mwili. Kikomo cha mwananchi ni milisievati 1 kwa mwaka, nawe umekimaliza kwa sekunde 8 hivi. Ukifika mita 30 kipimo kimegawanywa kwa 900, kimebaki kama nusu milisievati kwa saa. Mfukoni mwa suruali, hicho hicho huunguza nyama.

Uzito uliokushangaza una maelezo. Makasha mengi ya vyanzo hivyo hukingwa kwa risasi au kwa urani hafifu, metali nzito kuliko risasi. Kwa hiyo hata kasha tupu la urani linaweza kukiliza kipimo, na mchunguzi anajua aanzie wapi, kwani nambari ya kasha na ya kapsuli, yaani kijichupa kilichofunga chanzo, hupatikana kwenye daftari la mtengenezaji. Tarehe nayo ni mali. Kobalti-60 hupungua nusu kila miaka 5.27, basi chanzo kilichoandikwa GBq 370 mwaka 2005 kilitakiwa kuwa na kama 27 mwaka 2025. Kipimo kikikataa, ama kibandiko si chake, ama kilichomo si kile.

Ukikiyeyusha unaua ushahidi na unazaa balaa jingine. Sesiamu hugeuka mvuke na kuishia kwenye vumbi la tanuri, kobalti huingia ndani ya chuma chenyewe. Ndivyo ilivyokuwa Ciudad Juárez, Meksiko, ambako mashine ya kutibu saratani iliuzwa kama chuma chakavu mwishoni mwa 1983, ikiwa na vidonge vya kobalti vipatavyo 6,000. Vilimwagika, vikayeyushwa, vikawa nondo na miguu ya meza. Hakuna aliyejua mpaka Januari 1984, lori la nondo lilipokosea njia na kupita karibu na kigunduzi cha maabara ya Los Alamos, Marekani. Kutoka nondo hizo wakarudi nyuma, risiti kwa risiti, hadi kwenye mashine.

Nasikia urani ikikamatwa, wataalamu husema imetoka nchi gani na mwaka gani, kama polisi wanavyosoma alama za vidole. Ni kweli? Na urani ya Kongo yaweza kutofautishwa na ya Namibia? — Mwalimu wa kemia, Tudor

Mwalimu, mwaka ndiyo. Nchi, si kwa urahisi huo. Alama ya kidole hulinganishwa na kidole. Urani hulinganishwa na sampuli zilizokwisha kuwekwa kwenye maktaba ya nchi fulani, na nchi nyingi hazifungui maktaba zao ovyo. Bila sampuli ya kulinganisha, maabara hubaki na maelezo mazuri ya mtu asiyejulikana jina.

Kazi huanza na vipimo visivyoharibu kitu: picha, uzito, kipenyo cha kidonge cha fueli kwa mikromita, na gama kwa kigunduzi cha jemaniamu kilichopozwa hadi karibu nyuzi 196 chini ya sifuri. Kisha punje chache huyeyushwa kwa asidi na kuingizwa kwenye spektromita ya masi, mashine inayotenganisha atomi kwa uzito. Urani ya ardhini ina urani-235 asilimia 0.72. Fueli ya vinu vya umeme kwa kawaida ina asilimia 3 hadi 5. Kuanzia 20 huitwa iliyorutubishwa sana, yaani iliyoongezewa sehemu ya urani-235. Ikionekana urani-236 ya kutosha, hiyo urani imewahi kupita ndani ya kinu, maana ardhini isotopu hiyo (aina ya atomi ya urani yenye uzito huo) ni kama haipo.

Umri ndio sehemu tamu. Siku urani inaposafishwa, thoriamu huondolewa na saa huanza upya. Urani-234 huoza kuwa thoriamu-230, na kwa kuwa nusu-uhai wake, muda wa nusu ya atomi kuoza, ni miaka 245,500 hivi, baada ya miaka 10 kila atomi milioni moja za urani-234 huwa zimezaa atomi 28 tu za thoriamu-230. Hizo ndizo zinazohesabiwa. Saa ya pili ni urani-235 kuelekea protaktini-231, na yenyewe ni ya taabu zaidi: atomi 10 kwa kila bilioni moja katika miaka hiyo hiyo 10. Saa mbili zikikubaliana, tarehe inaaminika. Zisipokubaliana, ama usafishaji haukukamilika na urani inaonekana mzee kuliko ilivyo, ama kuna mafungu mawili yaliyochanganywa. Kosa jingine ni vumbi. Mchanga wetu wa pwani ya kusini una thoriamu, na Mrima kule Kwale kunajulikana kwa hilo, basi kichupa kilichofunguliwa uani kinaweza kujiongezea miaka. Maabara makini huangalia thoriamu-232: ikiwepo, kuna uchafu wa nje, na hesabu hurekebishwa.

Sasa Kongo na Namibia. Asilimia 0.72 ni ile ile kwenye migodi ya Shinkolobwe (Kongo), Rössing (Namibia) au Arlit (Niger), kwa hiyo haisaidii. Pekee iliyojulikana kwa kupungukiwa ni Oklo, Gabon. Mwaka 1972 Wafaransa waliona 0.717 badala ya 0.720, wakagundua kwamba miaka kama bilioni 2 iliyopita miamba ile ilijiwakia yenyewe kama kinu. Kwa migodi mingine hutazamwa madini adimu, yale ya jamii ya lanthani: uwiano wao huifuata urani kutoka kwenye mwamba hadi kwenye unga wa manjano, yaani urani ghafi iliyochujwa. Salfeti, kloridi au nitrati zilizobaki husema ilichujwa kwa kemikali gani. Ila unga huo ukisafishwa tena na kugeuzwa gesi ya kurutubishia, sehemu kubwa ya habari hiyo hupotea. Kwa hiyo urani ghafi ndiyo inayosema zaidi juu ya mgodi, na iliyorutubishwa husema juu ya kiwanda.

Mara nyingine kifungashio kinasema kuliko urani. Mei 1999 forodha ya Ruse, Bulgaria, ilikuta ndani ya gari kasha la risasi lenye kichupa cha urani, gramu chache. Maabara ya Livermore, Marekani, ilipata urani-235 karibu asilimia 73 na urani-236 karibu 12, yaani iliyokwisha tumika na kuchakatwa tena. Nta ya njano iliyozunguka kichupa ilitiwa rangi ya kromati ya bariamu, na karatasi ikachunguzwa nyuzi za miti yake. Vyote vikaelekeza Ulaya Mashariki. Mwaka 1998 polisi wa Italia walikamata fimbo ya fueli ya kinu cha utafiti cha Kinshasa. Nambari iliyochorwa juu yake ilitosha.

Je, mahakama itakubali ushahidi wa namna hii? — Mwanafunzi wa sheria, Mombasa

Ukianguka, huanguka kabla ya maabara. Kila mfuko uwe na nambari, lakiri, uzito, saa, na saini ya kila aliyeupokea. Glavu zibadilishwe kati ya kitu na kitu. Lazima pia kuwe na kitambaa safi cha kupangusia kilichobebwa eneo lile lile bila kupangusia chochote, ili wakili wa utetezi akiuliza kama uchafu ulitoka kwenye gari la polisi, jibu liwepo. Nusu ya sampuli ibaki imefungwa. Alama za vidole na DNA hutafutwa mapema, ndani ya kisanduku chenye glavu, kabla mtu hajapangusa mionzi.

Wataalamu wa kimataifa hugawa majibu kwa saa 24, wiki 1 na miezi 2: kwanza ni nini na kina hatari gani, kisha isotopu na umbo, mwisho umri na uchafu mdogo. Ombi la kuahirisha kesi lifuate ratiba hiyo. Na soma ripoti kwa makini. "Inalingana na kiwanda fulani" haimaanishi imetoka huko. "Hailingani" ina nguvu zaidi, na ndiyo magazeti huiruka.

Kuna jamaa Mji wa Kale anauza zebaki nyekundu kwa bei ya nyumba. — Jina limehifadhiwa

Hakuna kitu hicho, kaka; ni jina la kubuni la eti malighafi ya nyuklia. Sampuli zinazokamatwa kwa jina hilo mara nyingi huwa zebaki ya kawaida au chumvi zake zilizo nyekundu. Usilipe amana wala usikubali kuonjeshwa "kipimo" kinacholia, kwani kijitambaa cha zamani cha taa ya karabai, chenye thoriamu, kikifichwa chini ya meza kinatosha kukiliza. Chupa usiifungue: mvuke wa zebaki ya kawaida ni sumu tosha. Ripoti polisi.