Usiangalie Rangi Kwanza: Maswali Yenu Kuhusu Ndege wa Majini

Maji yakipwa kwenye mikoko namwona ndege mweusi anajifunika gubigubi kwa mabawa, kama mwavuli. Anaumwa? (Tanga)

Haumwi, anavua. Huyo ni kulasitara mweusi. Huzungusha mabawa mbele mpaka yakutane, kichwa kikapotelea ndani na kivuli kikatanda juu ya maji. Sekunde chache, anafunua, anasogea, anarudia. Inadhaniwa visamaki hukimbilia kile kivuli, naye huona vizuri bila mng'ao wa jua.

Akisimama tu ndipo watu wanapokosea, kwa sababu yangeyange wa pwani naye wengine ni weupe, wengine kijivu kilichokolea, na wote hao wana vidole vya njano kama kulasitara mweusi. Mtazame usoni: yangeyange wa pwani ana ngozi ya njano kati ya jicho na mdomo, na mara nyingi weupe kooni. Tena hajifuniki vile, hukimbia huku na huko akifukuza samaki.

Yangeyange wanaofuata ng'ombe ndio hao hao wa mtoni? (Morogoro)

Hapana. Wa ng'ombe ana mdomo mfupi wa njano, anasubiri panzi wanaoruka kwato zikipita. Yule mdogo wa mtoni mdomo wake ni mweusi, mrefu, mwembamba.

Kuna wa kahawia, mdomo umepinda chini. Kwarara? (Kwale)

Kama utosini ana mistari, ni sululu. Huzaa kaskazini ya mbali, huanza kutufikia mwezi wa Agosti hivi.

Hapa Oman nimeona ndege weupe, mgongo mweusi, mdomo mnene, wanavunja kaa. Ndio wale wa Mida, Watamu, pwani ya Kenya? (Muscat)

Ndio hao, kwa jina la kisayansi *Dromas ardeola*, na mimi nawapenda kuliko wote. Huchimba mashimo mchangani, hutaga humo yai moja jeupe, na joto la mchanga husaidia kuliatamia. Huzaa pwani za huko kwenu, kisha wengi huja kwetu. Ukiwa Mida mwezi wa Desemba, mtafute mwenye mgongo wa kijivu anayemfuata mkubwa akilialia. Ni kinda, bado analishwa na mzazi hata baada ya kuvuka bahari. Maji yakijaa hujikusanya kupumzika. Tafadhali msiwakurupushe kwa ajili ya picha.