Jibu: Vifaa vya kushonea mavazi ya igizo la Ujiji 1871

Habari dada, mi niko Tabora huku. Umeuliza ununue nini kabla hujaanza mavazi ya igizo la shule la Ujiji 1871, pale Stanley anapomkuta Livingstone, na umesema sindano za cherehani zinakukatikia kwenye merikani, kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa.

Anza na hiyo sindano. Merikani ukiikunja mara tatu pindoni inakuwa nzito, weka namba 16, hiyo 11 yako ni ya vitambaa vyepesi, na usikivute kitambaa kwa nyuma mashine ikitembea maana sindano inapinda inagonga chuma inakatika.

Halafu mkasi wa kitambaa tu, ufiche kabisa, wangu ulikatiwa karatasi ukawa unatafuna nguo. Futi kamba, chaki, pini, pasi hata ya mkaa. Kastabini usiidharau, zile nakshi za shingoni kwenye kanzu ni za kudarizi kwa mkono, za mashine zinaonekana za juzi.

Kitambaa loweka, anika, piga pasi ndo ukate! Nilishashona kanzu nne bila kuloweka, zilipofuliwa zikapanda juu ya vifundo.

Wapagazi, wale wabeba mizigo wa msafara, usiwashonee kitu. Wengi walijifunga tu merikani au kaniki (kitambaa cha pamba cha rangi nzito), na shuka ilikuwa mikono minne, kama yadi 2, we kata pinda basi. Hela itakayobaki weka kwenye koti la Stanley, hapo ndo kuna kazi.