Pikapu ya pwani huliwa kuanzia chini

Natumia Hilux ya dizeli ya mwaka 1996, injini ya 3L, kubebea samaki na barafu kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam. Injini hii haina maneno mengi: oili kwa wakati, na mkanda wa taiming ubadilishwe kila kilomita 100,000, maana ukikatika valvu zinagongana na pistoni. Kinachomaliza pikapu za huku kwetu ni chumvi.

Ingia chini ya gari na tochi. Angalia chesesi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari, pale inapopanda juu ya ekseli ya nyuma, na pale springi zinaposhikiliwa. Mchanga hujificha hapo ukiwa na unyevu wake. Gonga kwa nyundo ndogo: chuma kizima kinalia, kilicholiwa kinatoa sauti ya bati bovu. Chesesi ina matundu madogo ya kutolea maji. Yakiziba, maji ya chumvi yanatuama ndani na kutu inakula humo humo huku nje rangi inang'aa. Mimi huyazibua kwa waya, halafu napiga maji ya bomba mpaka yatoke safi.

Wengi hupuliza oili chafu chini ya gari. Sikubaliani nao kabisa. Inaharibu bushi za mpira na kuchafua ardhi tunayoikanyaga. Paka nta ya kuzuia kutu, tena chuma kikiwa kikavu.

Bodi ya nyuma ya kubebea mzigo nayo usiifungie ile plastiki ngumu ya kudumu kama unabeba samaki. Mchanga na maji ya chumvi hupenya chini yake, vinasaga rangi, na hutajua mpaka siku utakapoifungua. Mkeka wa mpira unautoa jioni, unaosha, unaanika.

Taa za ziada ni nzuri kwa safari za alfajiri, ila zipitishe kwenye rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) na fyuzi yake.

Jambo ninalolisisitiza zaidi ni springi. Ukiongeza chuma kwenye springi za nyuma ili gari lisikae chini likibeba, mkia unainuka. Sasa, Hilux nyingi za aina hii zina valvu ya breki kwenye chesesi, imeunganishwa na ekseli kwa kijiti. Mkia ukishuka, valvu inajua kuna mzigo na kuruhusu breki za nyuma zishike zaidi. Mkia ukiwa juu muda wote, inadhani gari ni tupu, na breki za nyuma zinalegea wakati umebeba tani nzima. Fundi wa springi mara nyingi hakigusi kijiti hicho, kwa hiyo kitaje mwenyewe kabla hajaanza kazi. Akishamaliza kukirekebisha, jaribu breki kwenye barabara isiyo na watu, kwanza gari likiwa tupu, kisha likiwa na mzigo.