Maswali na Majibu: Kontena la Mombasa kwa dola 2,200, je, linalipa?

SWALI: Hujambo, kaka. Niko Tororo. Mimi na ndugu yangu tumenunua kichwa cha lori cha ekseli tatu na trela la ekseli tatu, vyote vilivyotumika, kwa mkopo wa benki. Dalali ananiahidi makontena ya futi 40 kutoka Mombasa hadi Kampala kwa dola 2,200 kila moja, safari nne kwa mwezi. Nimepiga hesabu: dizeli dola 760, inabaki 1,440. Mkopo, bima na mishahara ya dereva na taniboi, yaani msaidizi wake, ni dola 1,500 kwa mwezi. Faida inaonekana kubwa hadi naingiwa na wasiwasi. Nimekosea wapi? Na nifanyeje dereva asiuze mafuta njiani?

JIBU: Dada yangu, wasiwasi wako una sababu. Umehesabu mafuta ya kuja Kampala, hukuhesabu ya kurudi Mombasa. Gari halilali Kampala likaamkia bandarini. Hesabu ya lori huanzia pale linapopakia na kuishia pale litakapopakia tena, na katikati yake kuna kilomita kama 2,340.

Tuipige upya kwa takwimu zako. Likiwa limepakia, gari la aina yako huenda kilomita 2 hivi kwa lita, maana linatoka usawa wa bahari na kupanda hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,500. Likirudi tupu, weka kilomita 3. Hizo ni lita 585 za kuja na 390 za kurudi, jumla 975. Kwa dola 1.3 kwa lita, bei ambayo naona umeitumia, ni dola 1,268.

Sasa matairi, ambayo hukuyataja kabisa. Gari lako lina matairi 22. Tuseme moja ni dola 300 na linadumu kilomita 80,000: kila mzunguko wa kwenda na kurudi unakula dola 193 za matairi, hata kama siku hiyo hujanunua hata moja. Breki, springi, oili na grisi, tenga dola 140. Posho ya safari, maegesho, vibali na gharama ndogondogo za njiani, 250. Toa vyote kwenye 2,200 na mkononi zinabaki dola 350 hivi.

Mara nne ni 1,400. Mkopo, bima na mishahara ni 1,500 kwa mwezi. Yaani hata dalali akitimiza ahadi yake yote, unaongezea pesa kutoka mfukoni.

Na hizo safari nne hazipo. Kutoka Mombasa hadi Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, na kuingia Kampala ni siku tatu za kuendesha kwa dereva anayelala usiku. Ongeza siku moja au mbili za mpakani, moja au mbili za kushusha, tatu za kurudi, na mbili za kusubiri zamu bandarini. Ni siku 10 hadi 12. Pangia mizunguko miwili na nusu kwa mwezi, ukipata mitatu umshukuru Mungu. Tangu mizigo ianze kulipiwa ushuru Mombasa kabla haijaondoka, mpaka umekuwa mwepesi kuliko zamani, lakini karatasi moja yenye kosa inatosha kukulaza. Niliwahi kuwa na gari lililokaa Malaba siku nne kwa sababu tarakimu moja ya namba ya kontena ilikosewa kwenye hati. Tangu hapo dereva wangu hasogezi gari kabla hajasoma namba iliyo kwenye bati la kontena na ile ya kwenye karatasi kwa sauti, tarakimu kwa tarakimu.

Kinachoweza kuliokoa gari lako ni mzigo wa kurudi. Ukipata wa dola 800 kutoka Kampala hadi Mombasa, usizihesabu zote 800. Gari lililopakia litakunywa lita 195 zaidi, dola 254, na posho kidogo juu yake. Zinabaki kama 500. Hata hivyo angalia: mizunguko miwili yenye mzigo wa kurudi inakupa 1,700, na mitatu ya kurudi tupu inakupa 1,050. Kwa hiyo kungoja mzigo Kampala siku tatu si hasara. Hasara ni kukimbilia Mombasa na trela tupu kwa sababu dalali amepiga simu.

Ugumu uko kwenye kontena lenyewe. Kontena ni mali ya kampuni ya meli, lina siku zake za kukaa nalo bure, na zikipita faini inahesabika kila siku. Likiwa tupu juu ya trela lako, huwezi kupakia kitu kingine mpaka ulirudishe. Muulize dalali kabla ya yote: kontena tupu linarudishwa wapi? Kama yadi ya Kampala au Nairobi inakubaliwa, trela lako linakuwa huru. Kama ni Mombasa tu, basi 2,200 ni bei ya kwenda na kurudi, na ni ndogo. Dai zaidi, au tafuta mzigo usio wa kontena, kama mbolea au ngano ya magunia, ushushe na ubaki na trela lako. Ndiyo sababu napenda trela bapa lenye pini za kufungia kontena na mbao za pembeni: linabeba kontena, na linabeba magunia.

Mizigo ya kurudi ipo, ila kwa misimu. Kahawa yetu karibu yote ya baharini hupitia Mombasa, na kontena la futi 20 hubeba magunia 320 ya kilo 60, tani 19 na kidogo. Mahindi ya Busoga na ya upande wenu wa mashariki huenda Kenya, lakini mengi huishia Nairobi au kabla, kwa hiyo kilomita 480 za mwisho unazitembea tupu. Usipakie mahindi bila cheti cha kupimwa sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, na unyevu usizidi asilimia 13.5. Machi 2021 Kenya iliyazuia mahindi yetu kwa siku kadhaa kwa sababu ya sumu hiyo.

Uzito: kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, gari lako lisizidi tani 50 kwa jumla, yaani 8 kwenye ekseli ya mbele, 18 kwenye ekseli mbili za nyuma za kichwa, 24 kwenye ekseli za trela. Toa gari lenyewe, tuseme tani 17, na kontena tupu karibu 4. Mzigo halali ni tani 29. Ukiambiwa 31, kataa Mombasa, usingoje kukataliwa na mizani ya barabarani ya Mariakani.

Kuhusu dereva. Jaza tangi hadi juu mwanzo wa mzunguko, lijaze tena mwisho, na ulinganishe lita na kilomita. Baada ya mizunguko mitatu utajua gari lako linakunywa kiasi gani, na tofauti itajionyesha yenyewe. Bali nakusihi, usimlipe bonasi ya mafuta aliyookoa. Wengi hufanya hivyo, na dereva akifika mteremko wa Sachangwan kwenda Salgaa, kabla ya Nakuru, na kahawa imejaa nyuma, anaweka gia huru ili injini isinywe, na gari linabaki kushikwa na breki peke yake. Pale ndipo wamekufa watu wengi, wakiwemo wa kwenye matatu waliokuwa wakienda zao. Bonasi mpe kwa kurudi ndani ya siku mlizokubaliana bila hati iliyokosewa wala faini ya mizani, na mteremko huo mwambie aushuke kwa gia ndogo, hata ukimgharimu saa nzima.