Re: Mbegu za papai hazioti, nipo Dodoma

Habari mkuu, umesema mbegu ulikausha mwenyewe, ukaziweka stoo ya bati tangu Oktoba na sasa kwenye viriba (vile vimfuko vya kuoteshea miche) zinaota chache tu. Kwanza angalia hiyo stoo. Bati la Dodoma mwezi wa 10 na 11 mchana ni oveni, na mbegu inayokaa kwenye joto inazeeka haraka hata kama kwa macho iko poa. Mimi nakausha kivulini, natia kwenye chupa yenye mfuniko, naweka friji chini kwenye mboga, sio friza.

Pili, ule utelezi unaozunguka mbegu uliutoa? Ile ngozi ya nje inazuia kuota, sugua na mchanga kwenye chujio mpaka iishe ndo ukaushe. Kabla ya kupanda loweka masaa 24, badilisha maji kati, anika kivulini kidogo ndo upande. Wengine wanaloweka kwenye potasiamu naitreti (aina ya chumvi) au asidi ya jibereliki (homoni ya mimea), zinasaidia ila maji matupu anza nayo kwanza, bei ya maji unaijua 😄

Na kama umepanda huu msimu wa kipupwe subiri, papai linataka udongo wa nyuzi joto 25 hadi 30, usiku funika viriba na nailoni. Mbegu za embe na parachichi usizikaushe na kuzitunza hivi, hizo panda mbichi.