Bibi alidhani ni chai ya rangi

Mwaka 2020, corona ilipopamba moto, nilikuwa nang'oa na kuziba meno kwenye kliniki ndogo hapa Ngamiani, Tanga. Ndipo tulipoanza kuwasukutuza wagonjwa dawa kabla ya kuwagusa. Bibi mmoja nilimkabidhi kikombe, nikageuka kuvaa glavu. Nageuka tena, kikombe kitupu, beseni kavu.

"Bibi, umetema wapi?"

"Kutema? Si chai ya rangi hii, mjukuu wangu? Ila sukari mmebana."

Ilikuwa povidoni-ayodini, dawa ya kuua vijidudu, iliyozimuliwa sana, hakudhurika. Kosa lilikuwa langu. Siku hizi naeleza kwanza, kikombe baadaye.

Mashine ya kuchonga jino, na ile ya kutoa ugaga, hurusha maji yaliyochanganyika na mate na damu. Matone madogo hubaki yakielea hewani, nasi tumeinama juu ya mgonjwa. Agosti 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri mgonjwa asukutue kwa sekunde 20, kwa povidoni-ayodini ya 0.2% au haidrojeni peroksidi ya 1%, ili vijidudu vya kwenye mate vipungue.

Ukinunua povidoni ya 10%, mililita 1 weka kwenye mililita 49 za maji safi. Soma chupa vizuri! Ile yenye sabuni, ya kunawia mikono, haiingii kinywani. Peroksidi ya 3%, sehemu moja kwa mbili za maji. Changanya ya siku hiyo tu. Na kabla ya ayodini uliza habari za rovu, ujauzito na mzio.

Shida kubwa ni hizo sekunde 20. Watu hutema kwenye ya tano. Nawaambia ni kama kusukutua kwenye udhu, ila hapa hakuna haraka, kisha nahesabu kwa sauti. Waliofunga Ramadhani wakihofia kumeza, nawapangia baada ya futari.

Kijana wetu wa mazoezi aliwahi kushusha barakoa kidevuni, eti mgonjwa ameshasukutua. Mate mapya hayaachi kutoka, na kikohozi hakipiti kwenye kikombe. Sikumwambia hayo. Nilivua miwani yangu, nikaielekeza dirishani: kioo kizima madoa. Akaipandisha barakoa, akashika mpira wa kufyonza mate.